Chiriku Aliyeandikwa Bubu

Bibi alianguka bafuni Jumatatu asubuhi, na kufika Jumatano kila mtu nyumbani alikuwa ameshatambua kwamba hakuanguka peke yake. Nyonga ilivunjika, na kazi ya mkaza mwanawe ikaanza kupata nyufa. Bibi ndiye aliyekuwa akishinda na mjukuu. Sasa amelala chali, mto chini ya goti, hawezi kujigeuza bila kumwita Mungu na marehemu mumewe kwa pamoja.

Mama wa mtoto alikuwa mfuaji katika chumba cha kufulia cha hospitali, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, shuka na mapazia ya wodi nne. Baba alikuwa fundi viatu, kibanda chake ubavuni mwa barabara, kimejaa visu, shazia za kushonea ngozi na gundi inayolevya hata nzi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mahali pa kumweka mtoto wa miaka minne, tena mtoto yule, aliyekuwa akisema tangu anafungua macho hadi usingizi umkatize katikati ya sentensi. Ndiyo maana nyumbani walimwita Chiriku.

Alhamisi mama alimbeba kwenda naye kazini, akamficha ndani ya kapu kubwa la magurudumu, juu ya shuka safi. "Kaa kimya kama jiwe," alimwambia. Chiriku alikaa kimya kwa muda wa kuhesabu kumi, kisha akaanza kuziuliza shuka zilikuwa za nani na kwa nini wenyewe walizilowesha.

Msimamizi alilifuata kapu linalosema.

"Mama, hii ni hospitali," alisema, mkono kiunoni. "Leo mtoto, kesho utaniletea mbuzi?"

"Ni leo tu, bosi. Mama mkwe amevunjika."

"Pole. Lakini na mimi nina wakubwa wangu. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi utafute pa kumweka. Na hizo shuka zirudishe kwenye maji. Siwezi kumlaza mgonjwa juu ya shuka zilizokaliwa na... zilizokaliwa na mtoto."

Alichotaka kusema kabla ya "mtoto" mama alikijua. Alikuwa amekisikia tangu akiwa na umri wa Chiriku, kila watu wa kabila lao walipotajwa. Alizirudisha shuka kwenye maji.

*

Chekechea ilikuwa mtaa wa tatu kutoka kwao, jengo la serikali lenye geti la bluu. Juu ya ukuta walichorwa watoto wa kila rangi wameshikana mikono, na chini yao maandishi makubwa: KILA MTOTO NI WETU. Mchoraji aliwapa watoto wote tabasamu moja, pengine kwa kubana matumizi.

Mwalimu mkuu aliitwa Madamu na kila mtu, hata mumewe. Mara ya kwanza alimwambia mama kwamba nafasi zimejaa, na papo hapo akampokea mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mwenye mapacha. Mara ya pili alisema cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina lisilotamkika, kirudishwe kikarekebishwe. Baba alikwenda kwenye ofisi ya vyeti, akaambiwa jina liko sawa, labda ulimi wa Madamu ndio urekebishwe. Jibu hilo fundi viatu hakulifikisha.

Mara ya tatu Madamu alikubali kumfanyia mtoto usaili.

Walikaa katika ofisi yenye harufu ya chaki na manukato. Madamu alitoa kadi za picha. Akainua ya kwanza.

"Hii ni nini?"

Chiriku aliitazama, akafurahi. Ilikuwa picha ya jogoo. Alimtaja kwa lugha ya nyumbani, tena akaongeza kwamba jogoo huyu mkia wake umekosewa.

"Hapana," alisema Madamu, akaandika. "Na hii?"

Mwavuli. Chiriku aliutaja.

"Hapana. Hii?"

Kitanda. Chiriku alikitaja, akaeleza habari za nyonga ya bibi yake, akaonyesha kwa mwili wake jinsi alivyoteleza.

"Madamu, amesema kweli," mama alijitosa. "Ametaja zote. Ni kwamba..."

"Usimsaidie, mama. Usaili ni wake, si wako."

Kwenye kadi ya saba Chiriku aliacha kuangalia picha. Alimgeukia mama, akasema anataka kwenda chooni. Mama alinyanyuka. Madamu akamwonyesha kiti kwa kalamu. "Tumalize kwanza." Chiriku alirudia, mara hii akimwambia Madamu mwenyewe, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Madamu alitabasamu na kuinua kadi ya nane. Mara ya tatu Chiriku hakusema kitu. Maji yalipita kwenye kiti, yakadondoka sakafuni.

"Bi Mwiko!" aliita Madamu.

Mpishi wa chekechea alikuja na tambara na ndoo. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu. Jina hilo alipewa na watoto kwa ajili ya mwiko ambao hakuachana nao, hata akitoka jikoni aliuchomeka kwenye mkanda wa aproni. Alipiga magoti, akapangusa. Hakumtazama mama, hakumtazama mtoto. Alipangusa pale pale hata palipokuwa pamekauka.

Madamu alimalizia kuandika, akaigeuza karatasi ili mama aione. *Hazungumzi. Hajajifunza kwenda chooni.*

"Lakini anazungumza, Madamu. Alikuwa anaomba chooni. Ameomba mara tatu."

"Kwa lugha gani?"

"Ya kwetu."

"Hiyo sisi hatuihesabu, mama," alisema Madamu kwa upole, upole ule wa muuguzi anayeficha sindano nyuma ya mgongo. "Mpelekeni kwa daktari akaangaliwe ulimi. Sisemi kwa ubaya. Nawapenda sana watu wenu. Mna ngoma nzuri."

*

Jumapili mchana, wakiwa wamezunguka chakula, fundi viatu alitangaza sheria mpya. Kuanzia siku hiyo, ndani ya nyumba yake, hakuna lugha nyingine ila lugha ya wengi.

"Mtoto hatajifunza kama sisi wenyewe tunambwatia ya kwetu kutwa," alisema, naye aliisema sheria yenyewe kwa lugha ya kwao, maana ndiyo iliyomjia. Alipogundua, alikohoa, akairudia kwa lugha ya wengi.

"Sawa," alisema mama.

"Sawa," alisema Chiriku, ambaye neno hilo alilijua.

Kisha kimya. Walikula. Mama alitaka kumwambia mumewe kwamba mboga haina chumvi ya kutosha, lakini aliona ni bora aile hivyo hivyo. Baba alitaka kusimulia kichekesho cha mteja aliyeleta viatu viwili vya mguu mmoja, akakigeuza kichwani, akaona kikifika lugha ya pili kimeshakufa. Chiriku alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akangoja mtu akasirike waziwazi ili ajue kosa ni la nani.

Kutoka kitandani sauti ya bibi ilifika, kwa lugha ya kwao na bila woga wowote. "Mbona nyumba imekuwa msiba? Nani amekufa?"

"Hakuna, mama," fundi alijibu kwa lugha ya wengi. "Tunajifunza."

"Mnajifunza kukaa kimya? Hilo hata jiwe linaweza. Basi na mimi nitakufa bubu, maana hiyo lugha yenu nilijifunza sokoni, na ninachoweza kusema ni 'punguza bei'. Sasa nimwambie nani apunguze bei ya nyonga?"

Chiriku alicheka hadi akapaliwa. Mama akafuata. Fundi viatu alijikaza, mabega yakamsaliti. Sheria ilivunjwa kabla sahani hazijaoshwa, na mtoto akabaki bila shule.

*

Siku tisa kabla ya mwisho wa mwezi, Madamu alipiga simu mwenyewe.

"Mama, tumepata nafasi! Nimewapigania sana."

Hakueleza amewapigania na nani. Ukweli ni kwamba Ofisi ya Elimu ya Awali ilikuwa imepeleka barua kwenye chekechea zote: wageni wenye fungu la fedha watatembelea, nao watapenda kukutana na mtoto kutoka jamii ndogo, pamoja na mzazi. Madamu alilipekua daftari lake lote la majina, akakuta watoto wa jamii hizo amewakataa wote.

Chiriku akaingia. Kila asubuhi baba alimpeleka, na saa nane akamchukua kumkalisha kibandani saa mbili zilizobaki, akimpa soli kuukuu achezee mbali na visu. Mama alibaki na kazi yake. Alipomuuliza mtoto jioni, "Shule je?", Chiriku alisema kuna upepo. Siku nyingine alisema hataki soksi zile. Maneno yake yalikuwa yanapungua, mama aliona, kama mtu anavyoona maji ya tangi yakishuka. Lakini hakulifungua tangi kuangalia. Aliogopa jibu. Jibu lingemdai afanye kitu, naye alichokuwa nacho ni shuka za wodi nne.

Wiki ya nne wageni walikuja. Mama aliomba ruhusa ya asubuhi moja, akakatwa mshahara wa siku nzima. Madamu alimpokea getini amebeba mfuko.

"Mavazi ya asili," alisema. "Ya mtoto."

Ndani mlikuwa na sketi ya majani ya plastiki na taji la manyoya mekundu, vyote kutoka duka la mapambo ya harusi. Bei ilikuwa bado inaning'inia kwenye unyoya mmoja.

"Madamu, sisi hatuvai hivi. Hatujawahi."

"Wageni hawajui, mama. Dakika kumi tu."

Chiriku alivalishwa. Taji lilikuwa kubwa, likamshukia hadi kwenye nyusi. Watoto wengine walikaa kwenye viti vyao vidogo vyenye majina. Cha Chiriku mama hakukiona. Aliona mkeka mdogo karibu na mlango, mahali viatu vinapovuliwa, na juu yake sweta ya mwanawe imekunjwa. Akaelewa habari ya upepo.

*

Wageni walikuwa watatu, na aliyekuwa na usemi ni mwanamke mwenye miwani mikubwa, sauti ya taratibu, daftari mkononi. Alichuchumaa mbele ya Chiriku ili walingane, jambo ambalo mama alilipenda.

"Mama, muulize kwa lugha yenu. Shuleni hapa anapenda nini?"

Mama aliuliza. Chiriku alilisukuma taji juu ya paji la uso, akavuta pumzi, na wiki nne zikatoka kwa mkupuo mmoja.

"Sipendi kukaa mlangoni. Upepo unaniingia na watu wanakanyaga mkeka wangu. Mwalimu ananiita Bubu na wote wanacheka, na mimi si Bubu. Nikitaka chooni hawanisikii. Mama wa uji ndiye ananisikia. Yeye anasema kama sisi, lakini ananinong'oneza, na amesema nisimwambie mtu. Na huu mkia wa plastiki unawasha."

Chumba kizima kilitabasamu kwa mdundo wa lugha wasiyoielewa. Madamu alikuwa ameweka mikono kifuani kama mtu anayesikiliza nyimbo.

Mama alisimama katikati yao, maneno yote kinywani. Aliiona kazi yake, aliona kapu la magurudumu, alimwona msimamizi na mkono wake kiunoni. Aliona pia kwenye mlango wa nyuma mpishi ameshika sinia ya vikombe, uso umemkauka. Mpishi alikuwa amesikia kila neno. Wawili wale walitazamana kwa mara ya kwanza.

"Anasema," mama alianza. "Anasema anapenda uji."

Wageni wakacheka kwa furaha. Wakapiga makofi. Mgeni mwenye miwani aliandika neno hilo, akalipigia mstari.

Chiriku alimtazama mama yake. Lugha ya wengi alikuwa ameokota kidogo, vipande vipande, pale mlangoni, na neno uji alilijua kuliko mengine yote. Akanyoosha kidole, na kwa mara ya kwanza tangu aingie jengo lile akasema kwa lugha hiyo ya wengi, kwa sauti ya kutosha vyumba viwili:

"Mimi sikusema uji!"

Makofi yalikatika moja moja. Mwalimu wa darasa alimkodolea macho kama vile kiti kimezungumza.

"Hakusema uji," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kisha ikakua. "Nimesema uongo. Mwanangu amesema anakalishwa mlangoni, kwenye upepo. Amesema mwalimu anamwita Bubu. Amesema akiomba chooni hasikilizwi. Na hayo manyoya si yetu. Yana bei, angalieni."

Ya mpishi aliyaacha. Yale hayakuwa yake kuyatoa.

Madamu hakupoteza tabasamu. Alilihamisha tu, kutoka kwa mama kwenda kwa wageni. "Mama amechoka, msimshangae. Na lugha hizi ndogo, mnajua, hazina maneno ya kutosha, tafsiri inapotea. Bahati mbaya hakuna mwingine hapa wa kutuhakikishia."

"Yupo," ilisema sauti kutoka mlango wa nyuma.

Bi Mwiko aliweka sinia chini. Kikombe kimoja kililala, hakuna aliyekiinua.

"Mtoto amesema hayo hayo aliyoyasema mama yake. Nimesikia yote. Mimi ni mtu wa kwao."

Alikuwa na miaka kumi na tisa jikoni mle, na huo ndio uliokuwa mwiko wake mkubwa kuliko ule wa mkanda: asijulikane alikotoka.

Madamu aligeuka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kitu kutoka moyoni, bila kukipaka mafuta.

"Wewe? Lakini wewe ni msafi!"

Kalamu ya mgeni mwenye miwani ilisimama. Kila mtu aliisubiri. Kisha ikaendelea kuandika.

*

Alichoandika kilikuja kujulikana baadaye, kwenye nakala iliyobandikwa ubaoni: *Changamoto ndogo ya mawasiliano imebainika.* Fungu la fedha lilitoka, tena likaongezwa kidogo kwa ajili ya kuishughulikia changamoto hiyo. Madamu alinunua kipaza sauti.

Chiriku alihamishiwa mstari wa mbele, kwenye kiti kipya chenye jina lake kwa herufi za rangi, likiwa limekosewa. Mwalimu aliacha kumwita Bubu. Sasa hakumwita kabisa. Na siku ya tisa baada ya ugeni, Bi Mwiko alipewa barua ya kuachishwa kazi kwa kutoa taarifa zisizo sahihi kwenye fomu ya ajira. Aliijaza fomu hiyo miaka kumi na tisa iliyopita. Tangu hapo Madamu alikuwa amekula chakula cha mikono yake kila siku ya kazi, na mara nyingi akaomba kuongezewa.

Mama alisikia habari kwa baba watoto, aliyezisikia kwa mteja. Jumamosi alimtafuta mpishi hadi akampata, chumba kimoja nyuma ya duka la mbao, anapanga masufuria yake kwenye katoni. Walisemezana kwanza kwa lugha ya wengi, kama wageni.

"Nisamehe, dada," mama alisema. "Ningesimamia ule uongo wangu, usingepoteza kazi."

"Ungesimamia, mtoto angekujua wewe ni mtu wa namna gani." Bi Mwiko alikaa juu ya katoni. "Siku ile ya usaili nilimsikia akiomba chooni. Mara tatu. Nilikuwa nyuma ya ule mlango, nikanyamaza, kisha nikaitwa kupangusa. Ukiniomba msamaha wewe, mimi nimwombe nani?"

Mama alitazama masufuria. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi na si wa hotuba, akasema: "Nyumbani kuna mgonjwa hawezi kujigeuza. Na kuna mtoto sitaki arudi kule. Tutapunguza tunachoweza kupunguza, tukulipe. Si kikubwa."

"Mgonjwa mzito?"

"Maneno tu ndiyo mazito."

Bi Mwiko alicheka, akavuta mwiko kutoka kwenye katoni, akauchomeka kiunoni.

Madamu aliposikia kwamba mtoto anaondolewa, aliumia kweli. "Tumemweka mbele! Tumemwandikia jina! Ndiyo shida yenu, mnapewa, mnakataa, halafu mnalalamika." Akafungua faili, akaandika: *Mzazi amemwondoa mtoto kwa hiari yake.* Akafunga. Mama alirudi kazini akitembea kwa haraka, na kwa mara ya kwanza hakukumbuka hata maandishi ya ukutani yalisema nini.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri Bi Mwiko alifika, akavua viatu, akaingia kumsalimu bibi. Alijikusanya, akamwamkia kwa lugha ya kwao, kwa sauti, si kwa kunong'ona. Kisha akamwuliza kama angependa maji ya moto ya kuoga.

Bibi alimtazama mwanawe, akamtazama mkaza mwanawe.

"Huyu ananiuliza kama nataka kuchemshwa," alisema.

Chiriku aliruka kutoka kitandani. Alicheka hadi akakaa chini, akainuka, akamshika Bi Mwiko mkono kwa huruma kubwa. "Sivyo hivyo. Umelipindua neno. Hili linatokea puani. Ziba mdomo kwanza. Haya, sema."

Bi Mwiko, miaka hamsini na kitu, alisimama wima, mikono ubavuni. Akasema.

"Bado," alisema Chiriku. "Tena."

Bibi alikuwa anacheka huku ameshika nyonga, analia na kucheka, anaomba wamhurumie. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, amechelewa, na hakuondoka mpaka neno lilipotoka sawasawa.